Gunia Ambalo Halikuwepo

Klementi, karani wa mizani katika ghala la kijiji chetu, ana sifa mbili. Ya kwanza, huvaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi hata katika msimu wa ufuta, wakati vumbi limemwingia kila mtu mpaka kwenye nyusi. Ya pili, watu wanamwita mwizi, tena hawamwiti kwa kificho. Wanasimama kwenye foleni na magunia yao, wanatazama namba zinazowaka kwenye mizani, na wanasema kwa sauti kwamba nyumbani mzigo ulikuwa mzito zaidi. Yeye huwajibu kwa upole kwamba kinachouzwa ni ufuta na si gunia, kwa hiyo mizani imewekwa itoe yenyewe uzito wa gunia, gramu mia saba, bila mkono wa mtu. Amelieleza jambo hilo tangu alipohamia kutoka Milola miaka sita iliyopita, na hakuna aliyemsadiki.

Mimi nilimsadiki, lakini sikumwacha salama. Kila nikipita ghalani nilimuuliza, "Karani, leo umekula kilo ngapi?" Naye alicheka kwa adabu, maana nimemzidi umri na ndimi niliyemchoma mwanawe chanjo zote.

Naitwa Bertha, muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala hilo. Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, mwenzangu yuko masomoni na mimi niko peke yangu. Saa tatu asubuhi aliingia Bi Adija amebeba kichanga, na nyuma yake binti yake Naima, aliyejifungulia nyumbani siku tano kabla. Mtoto alikuwa hana jina bado, kwa hiyo kwenye daftari niliandika "Mtoto wa Naima", kama tunavyoandika wote wa umri huo.

"Tangu jana magharibi hashiki ziwa," Naima alisema. "Nikimwekea mdomoni anaacha tu."

Nilimfunua. Mwili ulikuwa wa moto, kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi, na nilipomgusa nyayo alisogeza mguu kidogo, akanyamaza. Sikuhitaji maabara. Bakteria wameingia kwenye damu, na kwa mtoto wa siku tano saa moja ni muda mrefu. Nilipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nikaambiwa liko njiani kupeleka mzazi Lindi mjini, litarudi mchana. Maana yake sindano za kwanza, jentamaisini na ampisilini, zilikuwa juu yangu.

Sindano hizo huwezi kuzikisia. Dozi inatokana na siku za mtoto na uzito wake. Ukizidisha jentamaisini unaweza kumharibia figo na masikio, ukipunguza bakteria wanabaki na mtoto anakwenda. Ukutani pale kuna jedwali, na watoto wenye uzito mdogo, chini ya kilo mbili na nusu, wana safu yao, yenye dozi ndogo zaidi kwa kila kilo. Mizani yangu ya kuning'iniza ilikuwa imelegea springi tangu mwezi wa nne, ikining'inia tupu inaonyesha nusu kilo, ukiigusa inaonyesha nyingine. Nilishaandika barua mbili. Nilitazama mizani ile, nikatazama mtoto, nikamfunga kanga nikatoka naye mbio kuelekea ghalani.

Watu walitupisha. Klementi alimwondoa mtu na gunia lake, akapangusa sahani ya mizani kwa mkono wa shati lake jeupe, nami nikamlaza mtoto juu yake ndani ya kanga. Namba zikatulia kwenye mbili nukta moja. Kanga zangu za kazini nazijua, gramu mia mbili. Basi kilo moja nukta tisa.

Nilirudi, nikasimama mbele ya jedwali, nikashuka na kidole kwenye safu ya wenye uzito mdogo. Nilipiga hesabu mara tatu kwenye karatasi, na mara zote tatu nilipata jibu moja. Nikavuta dawa, nikamchoma paja la kulia, kisha la kushoto. Hakulia. Bi Adija aliniuliza kwa nini halii, nikamwambia atalia, na mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Nilikuwa nimekaa namhesabia pumzi niliposikia kishindo nje. Klementi aliingia na mizani yenyewe begani, ile nzima, na nyuma yake kundi la wakulima waliodhani anaitorosha. Shati lilikuwa limechafuka lote. Aliiweka sakafuni, akashindwa kusema kwa kuhema.

"Sista, ile namba si yake," alisema hatimaye. "Mizani ilikuwa bado imewekwa itoe gunia. Mtoto hakuwa na gunia."

Aliigusa mizani mbele yetu mpaka ikasoma sifuri, nikamweka mtoto tena katika kanga ileile. Mbili nukta nane. Ukitoa kanga, kilo mbili na gramu mia sita. Si mtoto mdogo hata kidogo, na safu niliyoitumia haikuwa yake. Nilikuwa nimempa chini ya nusu ya jentamaisini aliyostahili, na ampisilini nayo pungufu.

Mlangoni mtu mmoja alisema, "Si tuliwaambia inaiba? Sasa imemwibia hadi mtoto." Klementi aliinamisha kichwa. Nilimpigia daktari wa zamu wilayani, nikamweleza kila kitu bila kujipendelea, saa, dozi, uzito wa kwanza na wa pili. Nikasikia anabonyeza kikokotoo, kisha akaniambia nikamilishe kilichopungua sasa hivi, nimwandikie yote kwenye karatasi ya rufaa, na gari likifika wasikawie. Nilimchoma mtoto mara nyingine mbili. Safari hii alitoa sauti ndogo ya kukasirika, nami nikajikuta nalia kwa sauti hiyo.

Gari lilifika saa nane. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu. Kila asubuhi kabla ya kufungua ghala Klementi alikuja kusimama mlangoni kwangu, anasubiri nipige simu hospitali. Siku ya pili waliniambia yuko kwenye oksijeni. Siku ya tatu hivyohivyo. Siku ya nne simu ya Naima haikupatikana, na karani wa watu alikaa kwenye benchi langu mpaka saa nne, foleni inamsubiri. Siku ya tano Naima alipokea mwenyewe akasema ameshika ziwa. Klementi aliondoka bila kuniaga.

Walirudi siku ya kumi na mbili, mtoto ana jina sasa, Ahmadi, na shavu. Bi Adija alimtangaza Klementi kila kibaraza, jinsi alivyobeba mizani begani kumkimbilia mjukuu wake. Nilidhani Klementi atafurahi. Jioni yake alikuja zahanati, akakataa kiti.

"Sista, ulipomnyanyua mtoto pale, kioo kilionyesha kutoa sifuri nukta saba, uzito wa gunia. Niliiona. Ulikuwa hujavuka hata mlango."

"Uliiona?"

"Bi Adija alikuwa ameniita mwizi asubuhi ile mbele ya foleni nzima, kabla hawajamwita nyumbani. Nikafikiri, nikisema mizani imekosea, nimekwisha. Nikamwita mtu wa mbele." Alitazama viatu vyake. "Nilipima magunia manne kwanza."

Nilikasirika. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikakumbuka nilivyombeba yule mtoto kwenda na kurudi, mimi niliyeshika vichanga miaka kumi na tisa. Mikono yangu ilijua kwamba hiyo si kilo moja na kitu. Ilinisumbua njia nzima, nami nikaipuuza kwa kuwa namba ilikuwa imeandikwa kwa taa nyekundu na mimi nilikuwa na haraka ya kuamini chochote. Nilimwambia hivyo. Tulibaki tumesimama, watu wazima wawili, hakuna wa kumsamehe mwenzake.

"Nimwambie Bi Adija?" aliuliza.

"Hilo sikusaidii," nilisema.

Alimwambia siku ya mwisho ya kupima ufuta, na mimi nilikuwepo. Siku hizi haweki tena mizani itoe yenyewe uzito wa gunia. Huanza na sifuri, hulaza gunia tupu mbele ya macho ya mwenye mali, wakasoma wote, kisha ndipo apime mzigo. Bi Adija alipofika zamu yake, Klementi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akamwambia yote hadharani mpaka magunia manne.

Bi Adija alikuwa na Ahmadi mgongoni. Alimpandisha vizuri, akakaza mbeleko.

"Ungesema pale pale ningekutukana," alisema. "Wewe na wazazi wako."

"Najua, mama."

"Ungesema tu, mwanangu."

Kisha akalivuta gunia lake tupu, akalilaza mwenyewe juu ya mizani, na wote wawili wakainama kusoma.