Mafuta ya Mchanganyiko na Mguu wa Mama Pacha

Baba Pacha aliendesha teksi hadi macho yalipofifia akawa anaona vivuli tu. Siku daktari alipomkataza kushika usukani, alimkabidhi mkewe funguo. Mama Pacha, mshonaji, akajifunza udereva ukubwani.

Ugomvi wao ulikuwa kwenye kituo cha mafuta. Palikuwa na pampu ya petroli tupu na nyingine ya petroli iliyochanganywa na ethanoli, ile spiriti ya miwa. Ya pili ilikuwa nafuu.

"Hiyo ni kutia maji kwenye maziwa," mzee alisema. "Gari litalewa, halitafika mbali."

"Tusiandikie mate na wino upo. Panda, tukapime."

Wakajaza tangi petroli tupu, wakaenda kwa binti yao ng'ambo ya milima, wakarudi na kujaza tena ili wajue gari limekula kiasi gani. Njia nzima mzee hakufunga mdomo. "Badili gia! Unangoja nini? Mpite!" Mama Pacha alikanyaga mafuta kwa hasira, akafunga breki kwa hasira.

Katika safari ya mchanganyiko, njia ileile, mzee alisinzia kabla ya mlima wa kwanza, kichwa kwenye kioo, mikono mapajani, kama abiria yeyote. Mkewe alimtazama. Akaenda taratibu, akikwepa mashimo, asije akamwamsha.

Kwenye pampu, mchanganyiko ukaonekana umetumika kidogo kuliko petroli tupu. Mzee akajipiga paja.

"Kumbe miaka yote nadanganya watu kwamba haufiki mbali!"

Mama Pacha angeweza kunyamaza, ushindi ukabaki wake.

"Hujadanganya, Baba Pacha. Ulilala, nikaendesha kama nimebeba mayai. Tulichopima ni mguu wangu."

"Na unajua kuendesha hivyo?"

"Ukininyamazia, najua."

Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi.

Wakarudia safari zote mbili kwa mguu uleule mwepesi, mzee kauma midomo. Petroli tupu ilifika mbali zaidi, kama alivyosema; lita kwa lita, ethanoli haina nguvu sawa nayo. Lakini tofauti ilikuwa ndogo, na unafuu wa bei uliifidia.

Mama Pacha akachagua mchanganyiko. Mzee hakupinga. Siku hizi akipanda, husema jambo moja tu: "Niambie tunapita wapi." Naye humsimulia: duka limepakwa rangi mpya, wanafunzi wanavuka, mto umejaa.