Tuta la Nyuma ya Nyumba ya Edah

Nina hasira. Watu wawili wamenishauri nisiandike nikiwa na hasira, nami nimengoja wiki tatu ipungue. Haijapungua, kwa hivyo naandika.

Naitwa Jerono. Nilikuwa karani hadi nilipostaafu, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa chama chetu cha historia na mila hapa Kitale. Nilipewa ukatibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, na kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa mwanamke pekee aliyefika. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana katika ukumbi wa kanisa kule Kibomet. Mtu mmoja anatoa mhadhara, wengine wanauliza maswali marefu kuliko mhadhara wenyewe, halafu tunakunywa chai. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda ziara. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Kipkemboi, aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya upili. Hata akitafuta miwani yake atakwambia anafanya utafiti.

Chai hupikwa na Edah, na habari hii ni yake.

Edah ni mjane wa miaka hamsini na minane. Anaishi Matisi, ambako asubuhi huuza mandazi mlangoni pake, lakini nyumbani kwao hasa ni upande wa Lugulu, kaunti ya Bungoma, alikoolewa na marehemu Jairus. Kwa miaka tisa ametupikia chai bila kukosa mkutano hata mmoja, jambo ambalo hakuna mwanachama anayeweza kujisifu nalo. Kati ya jikoni na ukumbi pana dirisha dogo la kupitishia vyombo. Edah huliacha wazi na kusikiliza. Siku moja mgeni mmoja alikuwa akitueleza habari za reli akakosea mwaka, na sauti ikatoka dirishani ikamtajia mwaka ulio sahihi. Mgeni alishukuru. Kipkemboi naye akamwambia Edah alete sukari.

Mwezi wa pili mwaka huu, Kipkemboi alitoa mhadhara yeye mwenyewe, juu ya ngome za udongo ambazo Wabukusu walijenga zamani. Mhadhara haukuwa mbaya. Mwishoni akaonyesha ukutani picha ya tuta refu lililojipinda kidogo, limeota nyasi fupi, na nyuma yake migomba. Akasema tuta hilo liko kwenye boma moja karibu na Lugulu, kwamba amelitazama sana, na kwamba bila shaka ni kipande cha ukuta wa ngome isiyojulikana. Picha ilikuwa imetumwa na mwenye boma, Mzee Mukhwana. Ziara yetu ya Machi ingekwenda huko, na safari hii hatungetazama tu. Tungechimba. Watu wakapiga makofi.

Edah akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mwalimu, hapo ni kwetu," alisema. "Mukhwana ni shemeji yangu. Hiyo si ngome. Hiyo ni watoto."

"Watoto gani, Mama Edah?"

"Watoto wa surua. Ilipita kwa boma mwaka mmoja kabla ya Uhuru, ikamaliza watoto kwa mwezi mmoja. Wakalazwa pamoja hapo, wakafunikwa na udongo. Wako kumi na mmoja."

"Nani alikuambia?"

"Mama mkwe wangu. Wengine alikuwa amewazaa yeye."

"Na aliandika mahali?"

Watu walicheka. Nami nilitabasamu, lazima niseme. Kipkemboi akampoza kwa ile sauti ya kumrudisha mwanafunzi darasani. "Mama Edah, wewe uliolewa hapo tu. Sisi tumeongea na mwenye boma."

Kwenye kumbukumbu za mkutano niliandika hivi: "Mpishi aliuliza swali. Lilijibiwa." Ni sentensi mbili fupi na zote ni uongo. Edah hakuuliza swali, na hakuna aliyemjibu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kama kawaida.

Baada ya chai nilimfuata jikoni. Alikuwa akisugua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Akanieleza kwamba katika boma lile wanaume hawajawahi kuligusa tuta. Kazi hiyo iliachiwa wake walioolewa pale. Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Desemba, walilisafisha kwa kung'oa nyasi kwa mikono, jembe haliruhusiwi, na wakati wa kung'oa mama mkwe wake alikuwa akitaja majina ya watoto, mmoja mmoja, naye Edah akiyarudia mpaka akayashika. Mama mkwe alishafariki. Wake wengine wa boma walihamia mbali. Aliyebaki akipanda gari kutoka Kitale kila Aprili na kila Desemba kwenda kung'oa nyasi ni yeye.

"Si umwambie shemeji yako?" nikamuuliza.

"Nimempigia simu. Ati mama alikuwa amezeeka, alikuwa anachanganya mambo. Ati picha imeshafika Kitale, atawaambia nini watu?"

Hebu fikiria ujinga wetu. Tulitaka kujua habari za boma, tukawauliza wanaume, kwa kuwa boma ni la wanaume. Waliopiga magoti juu ya udongo ule kwa miaka sitini, na wanajua kila kilichomo, hatukuwauliza kwa sababu walitoka kwingine. Chama kizima cha wasomi, na hakuna hata mmoja aliyeliona kosa hilo, nikiwemo mimi niliyeolewa ugenini vilevile.

Jumamosi ya ziara, Edah alipanda basi pamoja nasi na masufuria yake. Nilishangaa. Nilidhani atakataa, na moyoni nilikuwa nimemlaumu kwamba amekubali mambo yaishe.

Tulifika saa nne. Mukhwana alitupokea akiwa na koti na kofia, amejaa furaha ya mtu ambaye boma lake limeingia kwenye historia. Akasalimu kila mtu kwa mikono miwili. Tukaomba, tukahutubiwa, tukapigwa picha. Kuna wanachama watatu waliopanda juu ya tuta ili picha itoke vizuri. Ninazo picha hizo, na siwezi kuzitazama. Kisha Kipkemboi akapigilia vigingi vinne, akazungusha kamba, akaweka chekeche la kuchekechea udongo kando, na wanaume wawili wakavua mashati ya nje wakashika majembe.

Edah alikuwa amebandika nyama mafigani. Aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akatembea polepole mpaka kwenye vigingi, akavuka kamba, akaketi katikati na kunyoosha miguu.

"Mama Edah," Kipkemboi alisema, "nyama inaungua."

"Wacha iungue."

Wakamsihi. Wakamweleza umuhimu wa utafiti. Mmoja akasema aitwe chifu, mwingine akauliza kama hatungeanza kuchimba upande ule mwingine, yeye Edah akiwa amekaa papo hapo. Edah alikuwa aking'oa nyasi zilizokuwa karibu naye, moja moja, na kuzilundika pajani. Ndipo Mukhwana akaja, na uso umemvimba.

"Unaniaibisha mbele ya wageni, bana. Simama hapo. Mimi ndiye najua hii boma."

Edah siku zote huzungumza na shemeji yake huyo akitazama pembeni, kwa heshima ya mtu mkubwa. Safari hii aliinua macho akamtazama.

"Mulamwa," alimwita, ndivyo wanavyomwita shemeji kwao. "Mulongo amelala wapi?"

Kwa asiyejua, nieleze. Kwa Wabukusu, Mukhwana ni jina la pacha wa kwanza kuzaliwa. Wa pili ni Mulongo. Kila mtu Bungoma analijua jambo hilo, na nusu ya Kitale. Sisi wanahistoria tulikuwa tumemwita yule mzee Mukhwana tangu mwezi wa pili, tukamwandikia barua, tukamshukuru mbele ya watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza pacha wake yuko wapi.

Mzee alivua kofia.

"Hapo," alisema. "Karibu na mahali umekaa."

"Na wewe ulijua."

"Nilikuwa mtoto. Nilisikia tu. Nilifikiri labda wako zaidi upande wa migomba."

Wanaume wakaweka majembe chini. Kipkemboi aling'oa vigingi mwenyewe, akakunja kamba vizuri kwenye kiwiko chake. Mchana tulikula nyama iliyoungua, na kuna walionung'unika. Kweli, walinung'unika nyama imeungua. Edah hakutoka kwenye tuta mpaka dereva alipopiga honi ya kuondoka.

Ningependa kusema tulijifunza. Ilipofika Mei Kipkemboi aliniletea tangazo nilichape: "Makaburi ya Surua: Ugunduzi Mpya wa Chama Chetu." Nililisoma mara mbili. Nilijua tulichogundua ni aibu yetu wenyewe. Nikalichapa hivyohivyo, nikalibandika kwenye mlango wa ukumbi, na hilo ndilo ninaloamka nalo kila siku kwa wiki tatu hizi.

Watu walijaa kuliko wakati wowote. Edah alikuwepo jikoni. Nilikuwa nimemuuliza kwa nini amerudi kutupikia, akasema anataka kusikia watasema nini. Kipkemboi akawasha projekta na kusimulia jinsi chama "kilivyositisha uchimbaji kwa busara", na jinsi alivyorudi Lugulu mara mbili baadaye kumhoji mzee wa boma. Kisha ukutani yakatokea majina, herufi kubwa, moja chini ya jingine, na chini kabisa: "Chanzo: Mzee Mukhwana." Akayasoma kwa sauti nzito. Yalikuwa kumi.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Halafu mlango nao ukafunguliwa, Edah akaja mpaka mbele, mwanga wa projekta ukampiga kwenye gauni.

"Ni kumi na mmoja," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Kipkemboi, nampa haki yake, alisogea pembeni kumpisha, akachukua kalamu mfukoni. Alionekana amefurahi, kama aliyeletewa zawadi.

"Karibu, Mama Edah. Wa kumi na mmoja ni nani?"

"Ni wangu."

"Hakufa na surua. Mimi nilizaa baadaye, mwaka wa pili wa ndoa. Msichana. Aliishi siku tatu. Wanaume walikuwa wameenda matanga, hawakuulizia, na mpaka leo hawamhesabu. Mama mkwe alinishika mkono jioni tukampeleka mwisho wa tuta, tukachimba sisi wawili. Akampa jina hapo, akaniambia sasa nawe una wako wa kung'olea nyasi."

Mwaka wowote mtu angemuuliza Edah kwa nini hupanda gari kila Aprili, angejua. Nimekunywa chai yake miaka sita.

"Pole sana," Kipkemboi alisema, na nadhani aliona uchungu kweli. Lakini kalamu ilikuwa bado iko juu ya karatasi. "Aliitwa nani?"

Edah aliitazama ile kalamu. Akamtazama mwenye kalamu, kisha akageuka kuyatazama majina ukutani, na jina la shemeji yake chini yake.

"Hilo sikupi," alisema. "Hayo kumi mmeshachukua. Wewe andika kumi."

Akarudi jikoni. Tulimsikia akimwaga chai kwenye sinki, birika zima, halafu la pili, halafu mlango wa nyuma.

Kipkemboi alibaki amesimama kwenye mwanga. Akakohoa. Akafunika kalamu yake, akanigeukia na kusema kwa sauti ya chini ya kumaliza shughuli.

"Katibu, andika kwamba jina la mtoto wa kumi na mmoja halikupatikana."

Niliweka kalamu yangu mezani.

"Lipo, Mwalimu," nikamwambia, na nilitaka ukumbi wote usikie. "Umenyimwa."