Joto la Nyumba ya Ami

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja: nikimpa bibi uwezo wa kuwasha joto, atawasha kweli, au atalipunguza ili kumridhisha mwanawe?

Bibi alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa kwa nimonia. Daktari alimwambia ami, ndugu wa baba yangu, na mimi nikiwa pale pale, kwamba kifua kile hakitaki baridi tena. Ami akaitikia kwa adabu zote. Tukarudi nyumbani kwake Ilford, London, akapunguza joto kabla hajavua koti.

"Vaa sweta, Mama. Hapa si Mombasa."

Thamostati ya zamani, kile kifaa kinachoiambia boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, iwake au izime, ilikuwa ukutani sebuleni, juu ya kiti cha ami. Jumapili moja wageni walikuja, sebule ikajaa watu na mvuke wa biriani. Kifaa kikapima joto lao, kikaona nyumba nzima imetosheka, kikazima boila. Bibi yuko chumba cha nyuma anakohoa, amejitanda buibui juu ya sweta. Nilipomweleza ami, aliwageukia wageni.

"Tangu amalize chuo hana kazi, leo amekuwa injinia."

Wakacheka wote. Nilimchukia siku ile, na sijaacha kabisa.

Kisha kile kifaa kikafa. Ami hushinda kazini na mimi hushinda nyumbani, kwa hiyo kazi ya kununua kingine ikaniangukia.

"Chagua wewe, msomi. Lakini kiwe cha kuendeshwa kwa simu, na simu iwe yangu. Kwenye nyumba yangu joto litakuwa na adabu."

Nilimwelewa. Angekaa upande wa pili wa London na kidole chake kingefika mpaka kwenye radieta ya bibi, kile chuma kinachopasha chumba chake.

Nikaanza kusoma. Kulikuwa na vifaa vya simu, vya kutegwa kwa saa, na vya kuzungusha kwa mkono. Nilisoma maoni ya watu nisiowajua wakigombana kuhusu betri. Je, betri ikiisha bibi akiwa peke yake? Na akizungusha upande usio sahihi? Kila nilipokaribia kuamua nilifungua ukurasa mwingine. Cha simu kingenipa amani na ami, na mimi nalala chumba cha juu kwa hisani yake, jambo ambalo hachoki kunikumbusha.

Nikaenda kumwuliza bibi mwenyewe. Alikuwa kitandani chini ya mablanketi mawili, mchana kweupe.

"Mimi sioni baridi."

"Bibi, midomo yako imebadilika rangi."

"Usigombane na ami yako kwa ajili yangu, mwanangu. Atakufukuza."

"Akinifukuza nitakwenda."

"Uende wapi? Huna hata koti la maana."

Basi hata cha mkono peke yake kisingetosha. Angekirudisha chini mara tu asikiapo ufunguo wa mwanawe mlangoni. Niliendelea kusoma mpaka nikapata kimoja cha kuzungusha, kisicho na waya, kinachoweza kukaa chumba chochote, na ambacho fundi anaweza kukifunga kisishuke chini ya kiwango fulani, hata akizungusha nani. Nikakinunua papo hapo, kabla sijaanza kukitilia shaka nacho.

Fundi alikuja Alhamisi, Singasinga wa Southall aliyezaliwa Kisumu.

"Naweka palepale sebuleni, ama?"

Kabla sijajibu, simu yangu ikalia. Ami.

"Fundi amefika? Mwambie aniunganishie simu yangu."

"Hakuna cha kuunganisha. Nimenunua cha mkono, na kinakaa chumbani kwa bibi."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Mshenzi wewe! Jioni nisikukute kwangu."

"Utanikuta. Nani atabaki na mama yako?"

Nikakata simu, nikampeleka fundi chumba cha nyuma, nikamwonyesha ukuta ulio karibu na mto. Bibi alikuwa amesikia yote. Alinitazama kwa hasira ya kweli.

"Umeniletea balaa."

"Najua, bibi."

Fundi alisimama na skrubu mkononi, akitutazama kwa zamu. Nikamwambia atoboe. Boila ilipoanza kunguruma, nikamtajia fundi kiwango ambacho joto lisishuke chini yake, na nikasimama pale mpaka alipokifunga.