Ufa Kati Yangu na Papa

Udongo wa chini kabisa, ule wa njano ambao haujawahi kuona jua, una harufu ya chuma kilicholowana. Juzi nilipita mahali wanapochimba msingi wa nyumba, harufu ile ikanipiga puani, na mimi mtu mzima mwenye haraka zangu nikasimama pale kama niliyesahau njia. Mafundi walinitazama. Ningewaeleza nini? Kwamba harufu hiyo kwangu ni Mpofi, na Mpofi ni mwaka niliomsubiri baba yangu?

Nilizaliwa Muheto, kwenye vilima vya Masisi huko Kivu, ambako udongo ni mweusi na unazamisha mkono hadi kiwiko bila kugusa kitu kigumu. Vita ilipokaribia, Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alitutanguliza mimi na Mama kuelekea Walikale, yeye akabaki ili avune maharage yaliyokuwa karibu kukauka. Nilikuwa na miaka tisa. Alinifungia kibunda cha mbegu kwenye kitenge, akasema, "Mukipanda hii, mbele itoe maua nitakuwa nimefika." Papa hakuwa mtu wa maneno mengi, ndiyo maana yale machache niliyashika kama yalivyo: kabla ya maua kutoka, atakuwa amefika.

Tulitembea siku nyingi, nami sitawachosha nazo. Mpofi, kijiji cha Walikale, tulipokelewa na Mama Riziki, mwenyeji aliyetupa chumba cha nyuma na kipande cha shamba kando ya msitu. Mama alilima kama mtu wa Masisi anavyolima: jembe lizame lote, udongo wa chini uje juu, wa juu uende chini. Kwetu mwanamke aliyekwaruza juu juu alisemwa kuwa mvivu, na Mama hakuwa tayari kusemwa ugenini. Watu wa Mpofi walipita, wakatazama, wakanyamaza kwa adabu. Maharage yalichipua, yakawa ya manjano, yakagoma hapo hapo, urefu wa kidole.

Mimi nilifurahi. Nisameheni, lakini nilifurahi kweli kweli. Bila maua, Papa hakuwa amechelewa. Kila nikitoka shuleni nilichuchumaa kwenye tuta kuhakikisha kwamba hakuna kinachoendelea.

Mwishowe Mama Riziki alishindwa kuvumilia. "Dada, huku udongo muzuri iko kidogo, njo ile ya juu tu yenye inatoka mu majani ya kuoza," alimwambia Mama. "Weye umeizika." Mama alikaa chini palepale shambani. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke, akaomba kipande kingine. Safari hii alikwaruza tu, kwa aibu, akapanda mbegu zilizobaki.

Wiki hizohizo mwalimu wetu alitufundisha habari za ardhi. Alichora bara letu ubaoni, akapitisha mstari wa chaki upande wa mashariki. Alisema ardhi tunayoikanyaga ni vipande vikubwa vinavyosogea, na kwetu Kivu imeanza kupasuka. Kwenye ufa huo ndiko ilikotoka milima ya moto, na majivu yake ndiyo yaliyoipa Masisi udongo mweusi. Vipande vinaachana polepole, alisema, kwa mwendo wa kucha zinavyoota. Wenzangu walicheka, wakatazama kucha zao. Mimi sikucheka, kwa sababu sasa nilijua Papa amekwamia wapi. Ufa ulikuwa kati ya Masisi na Walikale, yeye ng'ambo ile na mimi hii, na kila siku tulikuwa tunasogezwa mbali. Sikumuuliza mwalimu, mtoto aliyekimbia kwao hujifunza kutouliza. Nilianza tu kutafuna kucha hadi damu, nikiamini kwamba zikikaa fupi ardhi nayo itachelewa.

Maharage ya pili yalitoa maua. Meupe, mengi, mazuri ajabu. Nilisimama mbele yake na upweke ambao sijaupata tena, hata makaburini. Nilimwambia Mama kwamba Papa hatafika, ardhi imempeleka upande wa pili, na kwamba naichukia ardhi. Nilipiga udongo mateke. Mama aliacha jembe, akanitazama. "Njo vile, mwanangu," aliniitikia kwamba ndivyo, akaendelea kupalilia.

Nilipokua nilielewa kwamba Papa amekufa, maana hakurudi. Amekufaje, hakuna aliyesema, nami hasira yangu ikabaki kwenye ardhi, ilikozoea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasoma Goma, nilipofunuliwa ramani kubwa ya miamba. Mstari wa ufa ulipita kwenye ziwa Kivu. Masisi na Walikale zote mbili zilikuwa magharibi yake, kwenye kipande kimoja, bila hata mkwaruzo kati yao. Mimi na Papa tulikuwa upande mmoja muda wote.

Likizo ilipofika nilimuuliza Mama kwa nini aliniitikia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuinua macho. Alinieleza kwamba mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mwenye duka Mubi, hukohuko Walikale, alimletea habari kabla maua hayajatoka: Papa aliuawa shambani, na waliomuua walikuwa majirani zetu. Wake zao walikuwa wamekimbilia Mpofi kama sisi. Watoto wao nilikaa nao benchi moja, nikala nao viazi.

"Nikakuona unachukia udongo," alisema, "nikakuacha. Udongo haina batoto."

Nilikaa kando yake, nikatia mkono kwenye ungo. Miaka yote ile nilidhani aliyebaki peke yake ni mimi. Kumbe ni yeye, akipalilia maharage ya mume aliyekwisha kumlilia kimya kimya, huku akiwasalimia wanawake wale kila asubuhi kisimani.