Ghorofa Mbili Juu ya Bi Pindo

Bi Pindo alipewa jina hilo na wateja. Ukimpelekea suruali inayoburura chini, utaivaa imekaa sawasawa juu ya kiatu. Alishona na kulala katika chumba kimoja cha chini, alichohamia akiwa na binti mchanga mgongoni. Tangu siku hiyo kodi haikuwahi kumpandisha presha, kwa kuwa sheria ya mji iliwakataza wenye nyumba kumwongezea mpangaji wa zamani kiholela. Bi Pindo aliipenda sheria hiyo kama ndugu wa damu. Mwanasiasa akiigusa tu, alimsema wiki nzima.

Ila binti naye alikua, akawa msusi, akaolewa na fundi bomba mrefu, mwenye moyo mzuri na pua yenye kelele. Wakatafuta chumba mji mzima. Vya kodi ya zamani vilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa na mpango wa kuhama. Vipya vilikuwa vya kuhesabika na bei yake haishikiki. Basi wakaja kukaa kwa mama "kwa muda". Muda ukanenepa. Walilala nyuma ya pazia zito alilolishona Bi Pindo mwenyewe, lakini mikoromo ya mkwe ililipita kama halipo. Naye Bi Pindo, kwa kumstahi mkwe, akawa anakohoa kwanza kila anapotaka kujigeuza kitandani.

Ndipo mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, alipowaita wapangaji uani.

"Msingi huu ni imara," alisema. "Nataka kuongeza ghorofa mbili. Mtanipisha kidogo, halafu mtarudi."

"Tutarudi kwa kodi ipi?" Bi Pindo akauliza.

Mzee akakuna kidevu. "Hilo tutazungumza."

"Basi tumeshazungumza. Hapajengwi kitu!"

Wapangaji wakapiga makofi. Yalipopoa, binti akasimama.

"Mama, shikamoo."

Watu wakaangua kicheko, maana wote walijua hao wameamka chumba kimoja.

"Marahaba. Kaa chini."

"Sikai, mama. Kila mtu hapa anatetea chumba chake. Changu mimi nitakiteteaje, na hakijajengwa?"

"Unanipinga mbele za watu?"

"Tukiwa ndani mume wangu anasikia!"

Mkwe akainama kuvitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza avione.

Mchana Bi Pindo alirudi kwenye cherehani. Alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, akaufumua, akaurudia vilevile. Moyoni liligoma kutoka jambo moja: alikuwa akimwombea binti yake apate kwake, na asubuhi ile ni yeye mwenyewe aliyemzibia mlango. Jioni akajitanda kanga, akamfuata mwenye nyumba.

"Mwalimu, jenga. Lakini sisi wa chini turudi vyumbani mwetu kwa kodi ileile. Huko juu panga bei yako, ila usipate wazimu. Na binti yangu achague wa kwanza."

"Na nikikataa?"

"Tutang'ang'ania humu mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka, Bi Pindo."

"Basi huna muda wa kupoteza."

Mzee alicheka hadi akavua miwani. Wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mabomba ya juu akapewa mkwe ayafunge.

Ujenzi haukuwa lelemama. Wapangaji walijibana kwa jamaa zao, na mmoja alisusa asirudi kabisa. Bi Pindo aliweka cherehani chini ya turubai kando ya lango, akashona huku akipiga chafya, na waashi wakamgeuza fundi wao wa viraka. Bado aliitetea sheria yake kwa sauti ileile, ila sasa mtu akisema mji ujenge, alimjibu, "Na ujenge pia, nani kakataa?"

Nyumba ilipokamilika alirudi chumbani mwake. Binti na mumewe wakachukua chumba cha juu kabisa. Kodi yake iliwauma kidogo, wakalalamika, wakalipa. Siku ya pili Bi Pindo akapanda ngazi akihema, akasimama mbele ya mlango uliokuwa bado unanukia rangi.

"Hodi!"

Hakuwahi kumpigia mwanawe hodi maishani. Ndani binti akacheka kwa furaha.

"Karibu, mama! Ila kiti hatuna."

Bi Pindo akaingia, akageuza ndoo ya rangi, akaketi kama mgeni rasmi.

"Haya," alisema, "mgeni hapewi chai?"