Marahaba kwa Binti wa Mikate

Mwanangu aliponifundisha neno la kwanza la Kifaransa, nilikuwa bado sijavua sweta la safari. "Mama," aliniambia, "hapa ukiingia dukani, ukikutana na mtu kwenye ngazi, salamu ni bonjour. Usiposema, watakuona huna adabu." Nikafurahi. Nilitoka kwetu Mgeta, milimani, nikiwa nimeambiwa na kila aliyejua na asiyejua kwamba Wazungu hawasalimiani, kila mtu na hamsini zake. Kumbe adabu ipo. Nikaliweka neno kichwani na kulitafsiri mwenyewe bila kumuuliza mtu: bonjour ni shikamoo.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nilikwenda Lyon kwa sababu binti yangu alikuwa amejifungua. Kwetu Uluguruni binti akizaa, mama yake ndiye wa kwenda, hata kama kaolewa mbali, hata kama mkwe ni Mfaransa mpole anayeosha vyombo bila kuambiwa. Nilifunga pilipili manga, unga wa ulezi na khanga za kubebea mtoto, nikapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mtoto nilimkuta mzima, mashavu yamejaa. Mama yake ndiye aliyenitia shaka. Alimnyonyesha, alimbadilisha nepi, alimlaza, vyote sawasawa, kama nesi aliye zamu. Hakumwimbia. Hakumpa hata jina moja la utani. Nikimuuliza anajisikiaje, ananijibu, "Nzuri, mama." Sasa sisi tunajuana. Mtu wa kwetu akisema nzuri, unasubiri "ila". Nzuri, ila mguu unauma. Nzuri, ila tumefiwa. Habari yenyewe inakaa baada ya ila, na ya mwanangu haikuja. Kuna mkunga anayewafuata wazazi nyumbani na mkoba wake, jambo nililolipenda sana, lakini naye alijibiwa ça va, mambo mazuri, akampima mtoto akaenda zake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliogopa, nasema kweli. Viza yangu ilikuwa ya majuma machache, na mwanangu alikuwa amejifungia ndani ya nafsi yake na mimi mlango siuoni.

Arobaini ilipita na bado hakutaka kutoka. Basi nikaamua nitoke mimi, nimletee mtaa ndani. Mwenda bure si mkaa bure.

Wanakaa juu ya kilima kinachoitwa Croix-Rousse. Mji uliobaki uko chini huko penye mito miwili, na ukitaka kushuka kuna ngazi, ngazi, ngazi, zinapita katikati ya majumba marefu ya rangi ya ugali wa ulezi na ya mchanga. Wenyeji wanazilalamikia. Mimi miguu yangu ilidhani imerudi nyumbani. Nilikuwa nikiwapita vijana njiani, na wao wakinitazama nilivyojifunga khanga juu ya sweta, bila shaka wakijiuliza bibi huyu anakimbilia wapi.

Nilichokipenda kwanza ni vikongwe. Bibi wa umri wa mama yangu anatoka na kikapu chake cha magurudumu, kapaka rangi ya mdomo, kavaa kitambaa cha hariri shingoni, unasema huyu anakwenda harusini. Anakwenda kununua mkate. Na mkate wenyewe haufiki nyumbani mzima. Ni mrefu kama mpini wa jembe, wanaubana kwapani, na kabla ya kona ya kwanza ncha imeshang'atwa. Nilicheka siku mbili tatu, kisha nami nikaanza kuung'ata.

Nikawapenda wanaume wazee wa uwanjani, wanaorusha tufe za chuma ili zikae karibu na kitufe kidogo cha mbao. Wanabishana, wanaapa, kisha mmoja anatoa futi kamba mfukoni, anapiga goti kwa taabu na kupima mwanya ambao hata sisimizi angeuruka. Wenzake wanainama naye kama madaktari. Na migahawa, viti vyote vimewekwa nje vikitazama barabara, watu wameketi na kikombe kimoja cha kahawa asubuhi nzima, na hakuna anayekuja kuwafukuza. Ni baraza zile, hakuna jina jingine. Mbwa tu ndio walionishinda. Mbwa anaingia mgahawani na mwenyewe, anawekewa bakuli la maji, na wateja wanamwamkia kabla ya kuniamkia mimi.

Hata jua la kule lina mambo. Wakati ule wa kiangazi chao, saa tatu usiku bado linawaka na watoto wanacheza barabarani. Nilikaa dirishani na msala wangu nikisubiri magharibi, nikasubiri, mkwe akapika, tukala, na jua limetukodolea macho.

Lakini mahali pangu hasa palikuwa sokoni. Soko linapangwa chini ya miti kando ya barabara kuu, na saa nane mchana linakunjwa na kuoshwa, usingejua kama palikuwa na jani la kabichi. Nilikwenda kwa muuza matikiti madogo ya manjano, mwanamume wa makamo, mdogo kwangu. Akasema, "Bonjour, madame!" Nami, kama ilivyo haki ya mkubwa kwa mdogo, nikamwitikia, "Marahaba." Ningejibuje tena bonjour? Mtoto wa kumzaa nimwamkie shikamoo? Wazee kuliko mimi ndio niliowatangulia na bonjour, na goti nalikunja kidogo, nao walinifurahia mno.

Yule muuzaji alisimama. Akaweka mkono kifuani. "Marhaba! Marhaba!" akasema, na kikafuata Kiarabu kama mvua ya masika. Kumbe wazee wake walitoka Aljeria, na kwao neno hilo ni la kumkaribisha mtu. Sikuelewa kitu. Nikasema alhamdulillahi, ikakaa mahali pake, nikairudia. Kisha nikanyoosha mkono kuyabonyeza matikiti yake, maana mimi ni mkulima, situmii macho peke yake. Akalichukua tikiti mkononi mwangu taratibu, na kutikisa kidole. Kwao mnunuzi habonyezi. Akaonyesha jua, akainua nyusi. Akalaza shavu kwenye kiganja kama mtu aliyelala, akainua nyusi tena. Alikuwa ananiuliza nitalila leo au kesho. Nikaonyesha jua. Akanusa moja, akaliweka, akanusa la pili, la tatu akanipa, na juu yake fungu la nanaa.

Miaka yote nimelima kabichi na karoti Mgeta. Tunazibeba kichwani kwenye vijia vya mteremko mpaka lori lilipo, zinakwenda Dar, na hakuna aliyewahi kuniuliza zitaliwa lini. Nilimpenda mtu yule papo hapo.

Kwenye duka la mikate mambo yalikuwa hayohayo. Binti wa pale, mwenye nywele nyekundu na unga mpaka kwenye nyusi, kila asubuhi ananiimbia bonjour yake, na mimi namwitikia, "Marahaba, mwanangu." Alivyo na akili, akaona hiyo ndiyo salamu ya kwetu. Asubuhi moja nimeingia tu, akanitangulia mbele ya foleni nzima: "Marahaba, madame!"

Nikashikwa na butwaa. Mtoto mdogo kaniitikia shikamoo ambayo sikumpa! Nilirudi nyumbani nimenuna na nikamshtaki kwa mwanangu, aliyekuwa akikunja nepi. "Hebu fikiria," nilimwambia, "kibinti kile kimelelewaje mpaka kiniambie mimi marahaba?"

Akaacha kukunja. "Mama, wewe umekuwa ukimjibuje?"

Nikamwambia. Nikamweleza na wa matikiti. Mwanangu akajishika mbavu. "Mama! Bonjour si shikamoo! Kila mtu anamwambia kila mtu, mzee kwa mtoto, mtoto kwa mzee!" Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na mimi niliyekuwa nimenuna nikatamani nikosee tena kosa lingine kubwa zaidi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nifike.

Kesho yake akasema anataka kusikia kwa masikio yake. Akaoga, akavaa gauni. Nilijifanya sioni kitu cha ajabu, nisije nikamtisha arudi ndani. Tukatoka, mtoto kambeba yeye.

Binti wa mikate hakuniangusha. "Marahaba, madame!" alipaza sauti, na mwanangu akacheka tena, mkono mdomoni. Watu wa foleni wakageuka. Mama mmoja mtu mzima akamwinamia mtoto, akamsifu, akampongeza mwanangu kwa maneno mengi matamu na kumshika bega, mtu asiyemjua kabisa. Binti wa mikate naye akatoka nyuma ya meza kuja kutazama. Mimi nilikuwa najivuna kama kwamba mtaa ule nimeujenga mimi. Nilipomtazama mwanangu, uso ulikuwa umezimika.

Tukaenda kuketi kwenye benchi la uwanjani, karibu na wazee wa tufe. Akamlaza mtoto mapajani.

"Yule mama anasema mtoto kafanana na mimi," akasema.

"Kafanana nawe kabisa. Hata paji la uso."

"Mimi sioni, mama." Alisema harakaharaka, kwa sauti ndogo. "Nikimbeba naona nimebeba mtoto wa mtu. Namtunza nisije nikalaumiwa. Kila siku nasubiri mwenyewe aje amchukue."

Maneno ya kumkemea yalinijia, yale tuliyozoea: usiseme hivyo, mshukuru Mungu, wako wanaolilia mtoto. Nikayameza. Angerudi kwenye nzuri yake, na nisingempata tena.

"Kesho mkunga akija utamwambia hivyohivyo, usimfiche," nikamwambia. "Yapo haya, mwanangu, na yana matibabu. Wewe si wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa. "Na leo?"

Sisi Waluguru hatubishani juu ya jambo hili: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa mama wa mama yake, kurudi nyuma mpaka milimani. Nikanyoosha mikono.

"Leo nipe mimi. Si ulikuwa unamsubiri mwenyewe? Mwenyewe nimekuja."

Akanipa mtoto. Kisha akalaza kichwa begani kwangu, akalia kwa sauti palepale hadharani, na mimi sikumnyamazisha.