Likizo ya Bi Msumeno

Kiwandani walimwita Bi Msumeno, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyeingia ofisini kwake kuomba aongezewe siku, au afumbiwe jicho kidogo tu, alijibiwa maneno yale yale: "Sheria ni msumeno, ndugu yangu, hukata mbele na nyuma." Kilikuwa kiwanda cha magodoro, watu mia nane, na yeye ndiye mkuu wa utumishi. Kuajiriwa kwako kulipita mikononi mwake, likizo yako pia, na onyo lako, mpaka siku ya kuondoka kwako. Watu walimsema sana, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba alipendelea mtu. Alimwandikia hata binamu yake wa damu barua ya onyo kwa kuchelewa, wakanuniana mwaka mzima.

Msumeno wenyewe ulionekana vizuri siku ya mshona foronya mmoja, jalada namba 412. Huyo alimfuata mumewe aliyehamishwa kikazi, kwa likizo bila malipo ya miaka miwili. Likizo ilipokaribia kwisha akapiga simu analia. Mtoto mgonjwa, mume hajapata nyumba ya kudumu, aongezewe miezi mitatu tu. Bi Msumeno alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, kisha akamwambia kwamba miaka miwili ndiyo kikomo. Barua ya kumwondoa kazini ilitoka siku ile ile.

Sasa sikia dunia ilivyo. Miaka mitano baadaye mume wa Bi Msumeno, fundi wa mitambo ya kunyanyulia mizigo, alipata mkataba wa miaka sita ng'ambo. Mkewe akaomba likizo bila malipo ya miaka miwili, akajisainia mwenyewe, na kiti akamwachia msaidizi wake, binti aliyemfundisha kazi tangu alipokuwa hajui hata kupanga majalada.

"Nishikie tu," alimwambia. "Miezi sita haitapita sijapata kazi huko, kisha kitakuwa chako. Wafanyakazi ni wafanyakazi popote."

Masikini, aliyasema hayo kwa moyo mmoja. Mumewe alifika akakuta winchi ni winchi na nati ni nati, wiki ya pili yuko kazini. Bi Msumeno alikuta sheria za kazi ni nyingine, lugha nyingine, hata namna ya kumpa mtu habari mbaya ni nyingine. Vyeti vyake vilitafsiriwa, vikapigwa muhuri, kisha akaambiwa vinahitaji kuhakikiwa upya na bodi, asubiri. Alisoma lugha miezi kumi na minne, darasa moja na wapishi na madereva, yeye mkubwa kuliko mwalimu. Akatuma maombi mia moja na tisa. Waliojibu walimjibu jambo moja: huna uzoefu wa hapa. Na uzoefu wa hapa unapatikana wapi? Kwa kufanya kazi hapa. Ukiuliza nani aliyetunga upuuzi huo, ni watu wa utumishi, na Bi Msumeno alikuwa ameutumia mara nyingi kuwapunguza waombaji wa kutoka mikoa ya mbali.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba barua hizo alizijua ndani nje. Ikianza kwa shukrani nyingi, hakujisumbua kusoma aya ya pili. Aliikunja akaiweka kwenye jalada, kwa tarehe, maana mkono wa karani hauachi mazoea.

Miezi ishirini na tatu ikakatika. Zilipobaki siku kumi na mbili likizo iishe, akaitwa kwenye usaili. Ilikuwa kampuni ya kufua shuka za hospitali na hoteli, na nusu ya wafanyakazi wake walikuwa wageni kama yeye. Walitaka karani wa utumishi, cheo ambacho yeye alikivuka akiwa hajaolewa. Hakujali. Akiipata hii, kile kiti cha kiwandani angekiachia kwa moyo mweupe. Asipoipata, ama arudi peke yake, ama aache kuwa mtu wa utumishi.

Asubuhi hiyo mumewe alimpigia pasi koti mara mbili. Binti yao wa miaka minane akamwambia, "Mama, usiwagombeze."

Chumba cha usaili kilikuwa juu ya mashine. Sakafu ilitetemeka kidogo, na harufu ya sabuni ilipanda mpaka mezani. Aliyemsaili alikuwa meneja wa makamo, mwanamume mpole mwenye miwani. Aliuliza swali la kwanza, Bi Msumeno akajibu vizuri. Akauliza la pili, kuhusu taratibu za kumsimamisha mtu kazi katika nchi ile. Akajibu nusu, nusu akabahatisha. Meneja akainama akaandika.

Kazi hii ina ujanja wake ambao chuoni haufundishwi, nao ni kusoma karatasi ya mwenzako kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza. Bi Msumeno aliujua tangu ujana, na alimfunza msaidizi wake pamoja na dawa yake: ukiandika mbele ya mtu, funika kwa kiganja. Meneja hakufunika. Bi Msumeno akasoma: "Hodari. Amezidi cheo hiki. Sheria zetu hazijui. Hapana."

Zilikuwa zimepita dakika kumi tu. Kilichofuata alikijua, kwa sababu hata yeye alikifanya. Ukishamkataa mtu moyoni, usimtoe mbio. Mwulize mengine mawili matatu, mchekee kidogo, atoke na heshima yake. Kwa miaka kumi na saba aliona huo ni utu. Leo alikaa upande wa pili akaonja utu huo ulivyo, na ulikuwa mchungu. Alijibu kila swali. Alieleza alivyowahi kusuluhisha mgomo kwa kuwauliza wagomaji nani amekula na kuwaletea chai kabla ya mazungumzo, meneja akacheka kwa dhati, na kicheko kile ndicho kilichokaribia kumliza.

"Una swali lolote?" meneja akauliza mwishoni.

"Swali sina. Nina neno la kikazi. Ukimsaili mtu, funika karatasi yako. Wengine wetu tunasoma."

Meneja akatazama chini, akaiona karatasi, uso ukamwiva. "Nisamehe sana."

"Usijali. Nimewafanyia hivi watu wengi, ila mimi nilifunika."

Meneja alimsindikiza mpaka mlangoni. Hapo, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, akamwambia kwamba chini, chumba cha kukunja shuka, kulikuwa na nafasi. Bi Msumeno akashukuru, akasema atafikiri.

Nyumbani mumewe hakuuliza. Alimwona alivyovua viatu, ikatosha. Baada ya chakula akasema, "Rudi, mke wangu. Kiti chako bado kipo. Mimi na mtoto tutabanana hapa, miaka minne si mingi."

"Baba hajui kusuka," binti akasema, hajainua kichwa kwenye daftari lake.

Wakacheka wote watatu, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyejua pa kutazama. Bi Msumeno alijua hapo hapo kwamba hatarudi. Mwanawe angefika miaka kumi na miwili ndipo waishi tena nyumba moja, na huo ni umri ambao binti hamhitaji tena mama wa kumsuka. Lakini tumaini ni king'ang'anizi. Bodi ya vyeti ilisema majibu yatatoka baada ya wiki kumi. Akipewa miezi mitatu tu, huenda vyeti vikapita, na kabla ya kukiacha kiti cha kule atakuwa ameshika cha hapa.

Kesho yake mchana akampigia msaidizi wake.

"Dada! Unarudi lini? Kiti chako nakifuta vumbi kila siku."

"Mdogo wangu, niongezee miezi mitatu."

Mashine za kiwanda zilisikika kwa mbali, na Bi Msumeno akazitambua moja moja.

"Dada," msaidizi akasema, "nikikuongezea wewe, 412 nitamwambia nini?"

Bi Msumeno alikaa kitandani. Alihisi hasira, kisha fahari, kisha uchungu uliozidi vyote viwili. Msaidizi huyu alifundishwa na yeye mwenyewe, na alikuwa amefundishika.

"Huna la kumwambia," akasema. "Basi andika barua. Leo hii."

"Siwezi, Dada. Nitakuandikiaje wewe?"

"Chukua kalamu, nitakutajia." Akamtajia, polepole, kama alivyozoea: kwa kuwa umeeleza kuwa hutaripoti kazini baada ya likizo yako kwisha, mwajiri anahesabu kuwa umejiondoa kazini kwa hiari. Neno hiari alilitaja mara mbili, halafu akaendelea mpaka kwenye kurudisha kitambulisho na funguo. Kalamu ya msaidizi ilisikika ikikwaruza, na pua yake ikivuta.

"Namalizia na 'tunakutakia kila la heri', Dada?"

"Hilo liache. Halijawahi kumsaidia mtu."

Walikuwa karibu kuagana Bi Msumeno alipomzuia.

"Ngoja. Yule wa 412, aliitwa nani?"

"Hukumbuki?"

"Namkumbuka sauti. Namkumbuka mtoto wake alikuwa anaumwa nini. Jina sina."

Droo ya chuma ikavutwa, ikasukumwa, nyingine ikavutwa. Msaidizi akarudi kwenye simu, akalitaja. Lilikuwa jina fupi, la kawaida kabisa. Bi Msumeno akaliandika kwenye bahasha ya barua yake ya mwisho ya kukataliwa, akaliita kwa sauti ya chini mara moja, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akalia.